Shimo Lisilo na Fimbo

Kama ungemwona Walubengo akipita, ungedhani amepoteza sindano. Alitembea ameinamisha macho, hatua fupi fupi, akigonga ardhi mbele yake kwa fimbo ya mti wa muwati kama mtu anayebisha hodi. Watu wa Sisibo, maana ndivyo mji wa Eldoret ulivyoitwa na wengi siku zile, walikuwa wamemzoea. Vijana walimwita Mzee Tazama-Chini, naye aliwaitikia bila kinyongo. Mkewe Nanzala alidhani ni mgongo, akamkanda kwa samli miaka nenda miaka rudi. Haukuwa mgongo. Walubengo alikuwa akitafuta mashimo, na shimo moja alilijua kuliko alivyoijua nyumba yake mwenyewe.

Alitoka kwao Kimilili mwaka 1929, kijana mwenye mabega mapana na barua ya mwalimu wa misheni iliyosema kwamba ni mtu mwaminifu. Barua hiyo ndiyo iliyompatia kazi katika shamba moja la ngano upande wa Sugoi. Mwenye shamba, mzungu mzee ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kofia, aliisoma mara mbili, kisha akampa kazi ambayo Walubengo hakuwahi kuisikia tangu azaliwe. Alimtaka atie alama kwenye mashimo ya muhanga.

Ni lazima kazi hiyo ielezwe, maana leo hakuna anayeifanya. Muhanga ni mnyama wa pua ndefu na makucha kama jembe. Giza likiingia huchimba akitafuta mchwa, na kukipambazuka ameacha shimo la kumeza mguu wa farasi mpaka gotini, nalo nyasi za Uasin Gishu hulifunika kama hapakutokea kitu. Sasa wazungu wa nyanda hizi walikuwa na mchezo wao. Jumamosi, walipochoka na ngano na ng'ombe, walivaa makoti mekundu, wakapanda farasi, wakafungulia mbwa thelathini wamfukuze bweha mmoja. Bweha mwenyewe hawakumla. Walichokitaka ni zile mbio, kuruka nyua na mitaro, na kurudi nyumbani wakisimuliana ni nani aliyekaribia kuvunjika shingo. Wafanyakazi waliwatazama wakaulizana, mtu mwenye ghala limejaa anakwenda kutafuta nini mlangoni kwa mauti? Kisha wakaenda zao kukamua.

Mashimo yale yalikuwa yameshavunja miguu ya farasi wawili na bega la mke wa daktari. Ndiyo maana kila Ijumaa kabla ya windo Walubengo aliuzunguka uwanda mzima kwa miguu, na mzigo wa fimbo zilizopakwa chokaa begani. Kila alipokuta shimo alisimamisha fimbo kando yake. Mpanda farasi akiona cheupe, anakata kona. Alikuwa fundi kweli, hata Bwana Kofia alisema hivyo. Basi kidogo kidogo waendao mbio wakaacha kuitazama ardhi. Palipokuwa na fimbo pana shimo, na pasipokuwa na fimbo ni salama, farasi apewe nafasi yake. Hayo yakawa mazoea, na mazoea yana taabu.

Rafiki yake mkubwa pale shambani alikuwa Kiprono, Mnandi, saisi wa farasi. Kiprono aliishi ukingoni mwa shamba na mkewe Jemutai na mtoto wao Joseph, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea vizuri. Windo likitoka, Kiprono alifuata nyuma akiwa amempanda farasi wa akiba, ili wa bwana akichoka au akichechemea apatikane mwingine. Alipanda vizuri kuliko hao waliovaa makoti mekundu, na alijua hivyo, na kila mtu alijua kwamba anajua. Alikuwa na ulimi wa pilipili. Jioni walipokula ugali pamoja alimwita Walubengo "mkulima", kwa sababu hupanda fimbo wala hazioti.

Walubengo alicheka pamoja na wengine. Lakini mzaha ukirudiwa kila siku huanza kukwaruza. Krismasi ya mwaka 1933, mbele ya watu wote wa jikoni na wasichana wawili kutoka Kimumu, Kiprono alisema, "Huyu ndugu yangu ni wa miguu, mimi ni wa farasi. Siku moja nitamfunga kamba nyuma nimvute, aone dunia." Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Walubengo naye alicheka, ila usingizi siku hiyo ulimpaa. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na katika umri huo mtu anaweza kusahau kupigwa lakini si kuchekwa.

Januari ikaja, nyasi zikakauka. Bwana Kofia alikuwa na mpwa wake kutoka Uingereza, kijana mwekundu ambaye wafanyakazi walimpa jina Bwana Mbio. Ijumaa moja mchana, windo likiwa kesho yake, Bwana Mbio alimkuta Walubengo akimalizia fimbo ya mwisho upande wa mto. Alizitazama zote zilivyosimama uwandani, nyeupe, arobaini na tatu, akakunja uso.

"Wewe toa hii fimbo yote," alisema.

"Yote, bwana? Na mashimo?"

"Hii fimbo naharibu mchezo. Mutu kama hapana ogopa, hapana furahi." Alicheka, akampiga Walubengo begani kama mwenzake. "Mimi taambia watu yote."

Hakuwa mtu mbaya sana, Bwana Mbio. Alisema atawaambia watu wote, na aliwaambia. Aliwaambia wote wenye makoti mekundu, jioni ile ile, kwa Kiingereza, wakagonganisha glasi. Kwamba nyuma yao kungekuwa na mtu mwingine juu ya farasi, hilo halikumjia akilini.

Walubengo alizing'oa moja moja. Alipofika zizini na mzigo wake jua lilikuwa bado liko juu, na Kiprono alikuwa anampiga brashi farasi mwekundu aliyeitwa Sajini. Kiprono hakugeuka kuuona ule mzigo, na hata angeuona asingeshangaa, kwa kuwa siku zote Walubengo alirudi na fimbo zilizobaki.

"Mkulima," alisema Kiprono, "umemaliza kupanda?"

Walubengo alitua mzigo chini.

"Nauliza tu. Hiyo mashimo yote iko na fimbo? Kesho nataka kumfungulia Sajini kidogo. Amelala sana."

Hapo ndipo maisha ya Walubengo yaliposimama, na yalibaki pale pale miaka ishirini. Hakuna aliyemkataza kusema. Neno moja lingetosha. Lakini aliutazama mgongo wa Kiprono, ule mgongo uliojinyoosha hata akiwa amesimama chini, si juu ya farasi, akawaza, aanguke kidogo. Aanguke mbele ya wazungu, apakwe vumbi, nami nicheke kwa zamu yangu. Hakuwaza zaidi ya vumbi. Baadaye aliapa hivyo mbele ya Mungu mara nyingi sana, na ilikuwa kweli, wala haikumsaidia.

"Yote iko," alisema.

Kesho yake asubuhi alisimama juu ya kilima kidogo akishika mbwa wawili wagonjwa. Aliwaona wazungu wakiingia uwandani, na jambo lililomshtua ni kwamba walikwenda polepole. Walitawanyika, macho chini, wakiitana na kucheka kama watoto wanaotembea juu ya ukuta. Kisha baragumu likalia upande wa mto. Farasi wa Bwana Kofia alikuwa ameanza kuchechemea, na mkono wake ukapunga kumwita saisi.

Kiprono alitazama uwandani, hakuona hata fimbo moja. Kwake maana ya hilo ilikuwa moja tu, kwamba upande ule hauna shimo. Akamfungulia Sajini.

Walubengo aliwaachia mbwa. Alianza kukimbia kuteremka, akapaza sauti, lakini nani amsikie mtu wa kilimani wakati mbwa ishirini na wanane wanabweka? Alichosikia yeye ni kwato. Zilikuwa zinakuja vizuri, zinapiga ardhi kama mchi kinuni, na ghafla hazikuwepo. Hapakuwa na kishindo wala ukelele. Zilikoma tu.

Farasi alivunjika miguu miwili akapigwa risasi. Kiprono alikuwa amelala chali, macho wazi, wala hakuwa na jeraha la kuonekana isipokuwa kichwa kilikuwa kimegeuka mahali ambapo kichwa hakigeuki. Wazungu walivua kofia. Bwana Kofia alisema ni shauri ya Mungu, na siku hiyo hiyo akapiga marufuku windo katika uwanda ule. Baada ya siku tatu Bwana Mbio alihamia Naivasha, ambako nadhani alipata mchezo mwingine. Zile fimbo zikachomwa jikoni. Na watu walipotaka sababu, maana watu hawakubali kifo kisicho na sababu, waliipata upesi. Kiprono, walisema, alikuwa amejifanya mzungu. Alijua mashimo hayana alama, kila mtu alijua, lakini alitaka sifa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na huyu akavunjika shingo.

Walubengo alikuwepo waliposema hivyo. Jemutai alikuwepo pia, Joseph akiwa mgongoni, na alimtazama Walubengo kama anayengoja kitu. Walubengo akatazama chini. Ndipo alipoanza.

Wiki iliyofuata alipewa kazi ya Kiprono. Mtu wa miguu akawa wa farasi. Hakuwahi kwenda mbio hata siku moja, na farasi wa Bwana Kofia wakanenepa.

Mwaka mmoja ulipotimia, Januari, miguu ilimpeleka uwandani mapema asubuhi. Alitaka kuomba pale, au labda kusema lile neno hata kama aliyestahili kulisikia hayupo. Alipobakiza hatua kama ishirini akasimama. Kando ya shimo palikuwa na fimbo. Ilikuwa imenyooka, chokaa mbichi, bado inang'aa.

Hakuna aliyekuwa akiweka fimbo tena. Chokaa ilikuwa imefungiwa stoo, na ufunguo wake alikuwa nao yeye. Walubengo alihisi jasho likimshuka katika baridi ile ya asubuhi. Aliwaza, Kiprono amekuja kuniwekea mwenyewe. Ananionyesha. Aligeuka akarudi alikotoka, na hakukimbia kwa sababu tu alikuwa anaogopa kukimbia.

Mwaka wa pili fimbo ilikuwepo. Mwaka wa tatu pia. Alikwenda kila Januari, alifika hatua zile zile ishirini, akaiona, akarudi. Vita vya Hitla vikaja vikaisha, Bwana Kofia akafa, mwanawe akauza farasi akanunua trekta, Walubengo akawa mlinzi wa maghala. Nanzala alimzalia binti watatu, wa kwanza Nekoye. Alihesabiwa kanisani kuwa mtu mpole. Lakini kila alipolala alisikia kwato zikija, na alikuwa akizingoja zisikome, na zilikoma. Mara nyingi alifika mpaka kwenye uzio wa Jemutai na neno mdomoni, akaulizia habari za ng'ombe, akaondoka nalo. Siri ikikaa sana tumboni huota mizizi, na kuing'oa ni kujing'oa mwenyewe.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa hadi Januari ya mwaka 1954. Asubuhi ile Walubengo alifika hatua zake ishirini, akainua macho. Fimbo haikuwepo.

Uwanda ulikuwa mtupu kama ulivyokuwa siku ile. Nyasi zilikuwa zimelala vizuri juu ya shimo, na mtu asiyejua angesema pale pana ardhi. Miaka yote alikuwa ameiogopa ile fimbo, kumbe kutokuwepo kwake ndiko kulikomtetemesha zaidi. Watoto wa skwota, wafanyakazi walioishi kwenye ardhi ya shamba, walikuwa wakipitisha ng'ombe njia ile. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini akavuka hatua zile, akafika ukingoni mwa shimo, akapiga magoti na kuipigilia fimbo yake ya kutembelea.

"Haina chokaa," alisema mtu nyuma yake.

Alikuwa Jemutai. Nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe, na mkononi alikuwa na fimbo mpya na mkebe wa chokaa ya dukani. Alikuwa anahema, kama aliyetembea haraka.

"Shemeji," alisema Walubengo. "Ni wewe?"

"Ulifikiri nani?"

Jemutai aliweka mkebe chini.

"Leo nimechelewa. Bibi ya Joseph amejifungua kijana, sikulala," alisema. "Mimi huja mapema. Halafu narudi kesho yake naangalia. Kila mwaka naona nyayo zako. Zinafika pale, zinarudi. Nasema, mwaka kesho atafika. Miaka ishirini, Baba Nekoye."

"Ulijua?"

"Nilijua nini? Nilikuja hapa siku ya pili kuchukua blanketi ya tandiko. Nikaona shimo kubwa. Kando yake nikaona tundu dogo, mviringo, na chokaa kwa mdomo. Nikajua fimbo ilikuwa hapa na imetolewa. Mwenye kutoa ni nani, kama si wewe? Baadaye nikasikia Bwana Mbio ndiye alisema. Hiyo sikukulaumu. Mzungu akisema toa, unatoa." Alimkazia macho. "Kuna kitu moja tu sijui. Hicho ndicho nimekuwa nikingojea. Kiprono alijua?"

Walubengo alitazama chini, kwa mazoea. Palikuwa na shimo.

"Kwa sababu kama alijua," Jemutai aliendelea, "aliniacha na mtoto kwa ajili ya mchezo. Na mimi nimemchukia. Nataka ujue hivyo. Nimemchukia kila siku nikilima peke yangu. Usiku wamama wamekaa na mtoto wa Joseph, wanaita majina ya wazee waliokufa, wanampaka ugoro puani. Unajua desturi yetu. Mtoto akipiga chafya, huyo aliyeitwa ndiye amerudi kwake. Nikawaambia, ya Kiprono msiite. Mtu aliyecheza na maisha yake asirudi kwa mtoto. Wameita wengine wote. Mtoto ananyamaza tu."

Upepo ulipita juu ya nyasi. Walubengo alitafuta mahali pa kuanzia, na akaona hapakuwa na mwanzo mzuri, basi akaanza mwishoni.

"Hakujua," alisema. "Aliniuliza zizini. Aliuliza kama mashimo yote iko na fimbo. Nikasema yote iko. Nilikuwa nimezing'oa dakika hiyo hiyo. Hakuna mtu alinikataza kusema. Alikuwa amenicheka, shemeji. Nilitaka aanguke kidogo tu."

Jemutai alikaa chini kwenye nyasi, taratibu, kama mtu aliyetuliwa mzigo mzito. Walubengo alibaki amepiga magoti na kungoja apigwe, na angeshukuru.

"Nimemtukana mtu ambaye hakukosa," alisema Jemutai hatimaye, na hakuwa akisema naye. Kisha akainuka. "Simama. Twende ukaseme hivyo kwa nyumba."

Alimfuata. Alisema mlangoni, mbele ya wanawake sita na Joseph, maneno yale yale, hakupunguza. Joseph sasa alikuwa karibu na umri aliokuwa nao baba yake, mgongo ule ule. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoka akipita karibu naye bila kumgusa, akaenda kusimama kwa ng'ombe. Hakuna aliyemwambia Walubengo akae. Aliondoka mlangoni akasimama nje ya uzio.

Ndani walianza tena. Alisikia majina yakiitwa moja moja kwa sauti ya kubembeleza, na baada ya kila jina kimya. Kisha akasikia sauti ya Jemutai mwenyewe, imepasuka kidogo, ikimwita Kiprono. Aliita mara ya kwanza. Aliita mara ya pili, na Walubengo akajikuta anashika uzio kwa mikono yote miwili, kwa sababu masikioni mwake kwato zilikuwa zimeanza kuja.

Mtoto akapiga chafya.

Wanawake walicheka wakapiga vigelegele, na Joseph alirudi mbio kutoka kwa ng'ombe. Walubengo alibaki pale pale akisikia jina likirudiwa na kila mtu, wakilipokezana kama mtoto mwenyewe. Jua lilipanda. Baadaye Jemutai alitoka, ameshika mkebe wa chokaa na ile fimbo mpya. Hakufungua lango. Alivipitisha juu ya uzio, akaviweka mikononi mwake.

"Kiprono ataanza kutembea mwaka kesho," alisema. "Atapita njia hiyo na ng'ombe za babake."

"Ndiyo, mama."

"Kuanzia leo fimbo ni yako. Sitakuja kuangalia kama umeweka."

Alirudi ndani. Walubengo alikwenda mpaka uwandani, akang'oa fimbo yake ya kutembelea, akasimamisha ile mpya na kuikandamiza kwa kisigino. Akaipaka chokaa kuanzia juu mpaka chini, mara mbili. Kisha akazunguka uwanda wote hadi jioni akiyatafuta mashimo yale mengine arobaini na mawili.